Sikio Lililofundishwa Uziwi

Inspekta Brigita Tluway aliipanda pikipiki ya mtu aliyepotea, akakaa, akatazama kioo cha kulia. Aliliona basi la Arusha lote, kuanzia matairi hadi magunia ya juu. Akatazama cha kushoto. Akamwona muuza karanga naye akimwona.

"Martini," aliita, "huyu Metui ana urefu gani?"

Konstebo Martini alikuwa akiwatawanya vijana wa bodaboda waliokuja kushangaa nyuma ya stendi ya Karatu. "Mrefu, Afande. Wanasema kwenye nyumba ya mama yake huingia kwa magoti."

"Njoo ukae wewe."

Martini, naye mrefu, si mtu wa kuokota kitu chini bila kulalamika, akakaa.

"Unaona nini?"

"Naona lami, Afande. Na miguu ya abiria."

Brigita alisimama kwenye lami hiyo hiyo akiwa na hasira. Tangu asubuhi Karatu nzima ilikuwa na hadithi moja, tamu, iliyokwisha kupikwa na kupakuliwa: askari wa hifadhi Metui kahongwa na wapasua mbao wa msituni, kaiacha pikipiki stendi, kapanda basi, kaenda kutumia. Hadithi ikiwa tamu hivyo hakuna anayeuliza chumvi imetoka wapi. Mtu mrefu hawezi kuendesha kutoka ukingo wa kreta hadi mjini huku vioo vinamwonyesha lami. Aliyeileta pikipiki hii alikuwa na kimo cha Brigita, na Brigita alipokuwa chuo cha polisi walimpanga mstari wa mbele kila siku.

Simu ililia. Alikuwa mkuu wake.

"Brigita, wale wa hifadhi wanarudisha kikosi. Mtu kapotea juzi mchana, tangu jana wametembea msitu mzima, hamna kitu. Na Sikio lao, ile mitambo ya kunasa redio, nalo linasema hamna redio yoyote inayoita huko. Mtu keshaenda Arusha."

"Mzee, hakwenda. Pikipiki imeletwa na mtu mwingine."

"Una uhakika?"

"Vioo vimegeuzwa."

Mkuu alitamani kusikia kitu kizito zaidi ya vioo. "Jioni wanashuka," alisema. "Wakishashuka siwezi kuwapandisha tena kwa ajili ya vioo."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi na mbaya. Kama Metui yuko msituni na bado anapumua, ana uhai wa kufika jioni. Baridi ya kule juu haina mchezo na mtu aliyelala chini.

Walipanda. Martini aliendesha kama mtu anayefukuzwa, wakauacha mji na mashamba ya ngano na vitunguu nyuma yao, wakapita lango la hifadhi, ukungu ukawapokea kwenye kona za msitu. Brigita hakuweza kutulia. Alifungua dirisha, akafunga, akafungua tena mpaka Martini akauliza kama gari linanuka.

Kituo walichokiendea kilikuwa kibanda cha mabati ukingoni mwa kreta, na mbele yake nguzo nane za antena zimesimama kwa mstari. Watu wa mradi walikipa jina refu la kitaalamu. Askari wote wa doria walikiita Sikio, maana redio ndogo ya mkononi ambayo kituo cha kawaida kisingeisikia, ikiita kutoka ndani ya korongo, kile kibanda kiliisikia na kusema iko upande gani.

Nje ya uzio alikaa mwanamke mwenye shuka ya bluu juu ya koti la mtumba. Brigita alianzia kazi Loliondo. Salamu ya Kimaasai haikumpa shida.

"Takwenya."

"Iko." Mwanamke aliinuka. "Mimi naitwa Nasha. Metui ni kaka yangu, tumbo moja. Nimetoka Enguserosambu kwa lori la mahindi."

"Pole, dada."

"Hapana, usinipe pole, Afande." Alisema kwa ukali hadi Martini akarudi hatua. "Metui hajakufa. Unasikia navyomtaja? Metui. Sisi mtu akikufa jina lake tunalifunga. Halitoki tena mdomoni kwa watu wake. Sasa mimi nalitaja tangu nimefika, kila anayepita asikie. Siku nikiacha, hiyo siku unipe pole."

Brigita akasema, "Endelea kumtaja. Ndani umeonana na nani?"

"Injinia, yule dada. Na Lembris. Lembris ni rika ya Metui, wametahiriwa pamoja, wamekula nyama pamoja huko porini. Nimemsalimia, ameangalia viatu vyangu."

Ndani ya kibanda kulikuwa na joto na mvumo wa feni. Prosesa nane zilipangwa kwenye rafu, kila moja na feni yake na taa yake ya kijani. Injinia Doreen, msichana wa Moshi mwenye miwani na kofia ya sufi, alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Kando yake alisimama fundi wake Lembris, na alipogeuka kusalimia, yeye na Brigita walitazamana bila yeyote kuinua kidevu wala kukishusha.

Brigita alikiweka kimo hicho akibani, hakukisema.

"Nielezeni hili Sikio," alisema. "Na msinifanye mtaalamu. Mimi nauliza, nyie jibuni."

"Kila antena inaisikia sauti ile ile," Doreen alianza, "ila moja inatangulia kidogo na nyingine inafuata, kutegemea sauti inatoka wapi. Kila antena ina prosesa yake hapa. Prosesa inapokea ya kwake, inaiongeza au kuipunguza, inaichelewesha kidogo, inampasia jirani. Mwisho wa mstari zinajumlishwa. Zikipangika vizuri, sauti ya upande unaoutaka inanenepa, kelele za pande nyingine zinafutana zenyewe."

"Kwa nini isiwe kompyuta moja kubwa?"

"Sauti haisubiri, Afande. Moja ikimaliza kuhesabu ya antena ya mwisho, ya kwanza imeshapita zamani. Lazima zifanye kazi kwa pamoja."

"Kama wanawake wanaolima shamba moja kwa mstari. Kila mtu na tuta lake, wanakwenda sawa."

"Hivyo hivyo!" Doreen alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Na hakuna hata mmoja anayejua shamba lote."

"Na lina uzima?"

"Nimekagua prosesa moja moja tangu jana. Zote nzima. Taa hizo unaziona."

Lembris alikohoa. "Sikio halina tatizo, Afande. Huyo mwenzetu angebonyeza redio popote msituni, tungemsikia. Labda betri. Labda huyo bwana alishaondoka, kama wanavyosema mjini."

"Wewe ulikuwa zamu juzi mchana?"

"Ndiyo. Huyo ndugu hakuita."

Mwenzetu. Huyo bwana. Huyo ndugu. Brigita alizunguka rafu, mikono nyuma, akasimama mbele ya taa za kijani. Shida ya vitu vinavyosema "mimi mzima" ni kwamba hata mashahidi wake wote wa leo walisema hivyo hivyo.

"Nataka kulijaribu," alisema. "Martini, chukua redio ya doria. Endesha polepole barabara ya ukingoni kuelekea upande wa mlima Oldeani. Ongea njia nzima, usinyamaze."

"Niongee nini, Afande?"

"Chochote. Ukiishiwa, sali."

Martini aliishiwa mapema kuliko alivyotarajia. Alianza kwa kutaja magari anayopishana nayo, akaingia kwenye bei ya vitunguu, na kabla hajafika mbali sauti yake ilitoka kwenye spika ikisali rozari, safi, kama amekaa nao chumbani. Doreen aliuonyesha mshale kwenye skrini ukimfuata. Brigita alitazama saa, akaitazama tena kama vile ingeona aibu na kupunguza mwendo.

Halafu rozari ikakatika katikati ya fumbo.

Haikufifia, haikukwaruza. Ilikatwa, kimya kikashika nafasi yake, mshale ukalala.

"Mlima huo," Lembris alisema haraka. "Mlima unakata sauti."

Doreen alikwenda dirishani. Ukungu ulikuwa umeachia kidogo, na kwenye mgongo wa ukingo lilionekana gari la polisi, taa zake zimewaka. "Mlima gani, Lembris? Si yule pale, namwona kwa macho!"

Simu ya Brigita ikalia. "Afande," Martini alilalamika, "nawaita hamjibu. Niendelee kusali au?"

"Sogea mbele. Endelea."

Gari likasogea. Kimya. Likasogea tena, na ghafla rozari ikarudi, fumbo lingine kabisa, Martini hana habari kwamba amesali peke yake.

"Sikio ni kiziwi upande mmoja," Brigita alisema. "Upande wa korongo lililo chini ya Oldeani. Kabla ya juzi lilikuwa linasikia huko?"

"Lilikuwa linasikia," Doreen alisema, uso umempauka. "Nilimsikia Metui mwenyewe kutoka huko."

"Sasa niambie. Kiziwi huyu kapatikanaje, na prosesa zote nzima?"

Doreen alikaa kwenye kiti, akavua miwani. "Linajifunza," alisema polepole. "Kila Jumatatu asubuhi tunaviamuru vituo vyote vinyamaze. Hakuna mtu wa kugusa redio. Kinachobaki hewani ni kelele tu, uzio wa umeme wa mashamba, minara ya simu. Tunabonyeza hapa, prosesa zote nane zinajipanga upya mpaka ile kelele inafutika. Wiki nzima haisikiki tena."

"Na kama mtu yuko hewani wakati mnabonyeza?"

"Haongei mtu, Afande. Ni amri."

"Nauliza kama."

"Litamfuta." Sauti yake ilishuka. "Litamchukua yeye ndiye kelele. Upande wake utakuwa umezibwa, na ukikagua prosesa moja moja hutaona kitu, maana hakuna hata moja yenye kosa. Uziwi uko kwenye jumla." Aliinua macho. "Mungu wangu. Mimi nimekaa hapa siku zote hizi naangalia taa."

"Nani anaweza kubonyeza?"

"Ni sisi wawili tu."

Mabati yalilia kwa upepo. Brigita hakumgeukia Lembris. Alimkazia macho Doreen, kwa kusudi, hadi yule dada akajisikia vibaya.

"Juzi mchana ulikuwa wapi, injinia?"

"Endamarariek. Tunafunga nguzo za kituo cha pili huko. Nilishinda juu ya ngazi."

"Ngazi ya nani?"

"Ya mzee mmoja jirani, sikumwuliza jina..."

Brigita alichukua redio. "Martini, juzi huko kwenu Endamarariek kuna mtu aliazimisha ngazi?"

"Baba yangu mdogo, Afande," spika ilijibu bila kusita. "Kwa yule dada wa antena. Alimshikia ngazi mpaka jioni. Mgongo unamuuma hadi leo, anataka kujua kama serikali italipa dawa."

Doreen alishusha pumzi. Ndipo Brigita alipogeuka.

"Lembris. Mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa lini?"

"Na nani, Afande?"

"Mtaje wewe."

"Huyo mwenzetu tunayemtafuta."

"Ana jina."

Lembris alilamba midomo.

"Injinia anamwita Metui," Brigita alisema. "Mimi namwita Metui. Konstebo wangu, ambaye hajawahi kumwona, anamwita Metui. Dada yake yuko pale nje kwenye baridi anamtaja kwa kila anayepita, maana ana imani mtu wake yuko hai. Wewe ni rika lake. Tangu nimeingia hapa umemwita mwenzetu, bwana, ndugu. Jina lake limekushinda. Mimi nimekaa Loliondo, Lembris. Najua jina la rafiki linakuwa zito mdomoni kwa sababu ipi."

Feni zilivuma. Lembris aliangalia viatu vyake, kisha vya Brigita.

"Nani alikuambia amekufa?"

Lembris aliutupia macho mlango; Brigita akasimama mbele yake.

"Hakuna maiti. Hakuna aliyesema amekufa, wote wanasema yuko Arusha. Wewe peke yako umeshamzika. Nani alikuambia?"

"Wao," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Wapasua mbao. Walikuwa wananiuliza tu doria iko wapi, basi. Wapite pengine, wasikutane na mtu. Sikujua kama kutakuwa na jambo la kuumizana, haki ya Mungu. Yeye aliwakuta wanaangusha miti, wakamkimbiza, akaanguka korongoni. Jioni wakaniletea pikipiki, wakasema hasogei tena, ameisha, niitoe msituni. Nikaipeleka stendi. Ameshakufa, Afande. Hakuna faida sasa."

"Na kitufe?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kama hasogei ungemzibia sikio la nini?"

Lembris alifunika uso kwa viganja. Doreen alikuwa ameshasimama. Alikuwa analia, lakini mikono yake ilikuwa inafanya kazi.

"Nafuta yote yaliyofundishwa," alisema. "Litasikia kila takataka ya mkoa huu, lakini upande tunaujua. Nitazielekeza prosesa kwa mkono, moja moja, zote zitazame korongo lile."

"Fanya."

Taa nane zilizimika, zikawaka. Kibanda kikajaa kelele: mlio wa uzio wa umeme ukipiga tak, tak, dereva wa watalii akimwambia mwenzake simba wako wapi, mvumo wa minara. Doreen aliingiza namba, akahamia prosesa ya jirani, akaingiza nyingine. Kila mara kelele ilipungua kidogo, kama umati unaotolewa nje mmoja mmoja. Brigita alijikuta ameshika ukingo wa meza. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa: huenda alichokuwa anakifungulia mlango ni kimya.

Uzio ukabaki peke yake. Tak. Tak. Tak.

Halafu, nje ya pigo la uzio, kitu kingine. Mbofyo. Kimya. Mibofyo miwili, ya mkono uliochoka.

"Hiyo siyo uzio," Doreen alinong'ona. "Mtu anabonyeza redio."

Mlango ulikuwa wazi; Nasha alikuwa ameingia bila kuitwa, amesimama na shuka yake, hathubutu kusogea.

Brigita alipiga simu. "Mzee, wasishushe mtu. Korongo la upande wa Oldeani, injinia anakutumia mahali penyewe. Yuko hai." Alikata kabla mkuu hajauliza habari za vioo. Kisha alichukua kipaza sauti, akakinyoosha kwa Lembris.

"Mwite. Anaifahamu sauti yako. Ajue ameshasikika, asilale."

"Siwezi, Afande."

"Mtaje."

Lembris alikipokea kipaza sauti kwa mikono miwili. Alimtazama Nasha, na Nasha hakumsaidia kwa kuangalia pembeni.

"Metui," alisema. Lilitoka kwa shida, kama mwiba. Akavuta pumzi. "Metui. Metui, unanisikia?"

Uzio ulipiga. Uzio ukapiga tena. Nasha aliweka kiganja kinywani.

Sauti ikaja, nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini sauti ya mtu.

"Lembris?"

Nasha alisogea hadi kwenye spika.

"Juzi nilikuita," sauti ilisema, taratibu, bila hasira yoyote, na kukosa hasira kwake ndiko kulikomfanya Lembris aanze kuinama mpaka paji la uso likagusa meza. "Ukasema umenisikia. Ukaniambia ningoje."

Mbofyo. Kimya. Mbofyo.

"Nimengoja."